Magoti ya Portia: Ishara za Mwili katika "Juliasi Kaizari"

Mchezo wa kuigiza huandikwa kwa maneno, lakini hauchezwi kwa maneno peke yake. Mwalimu Julius K. Nyerere alipoufasiri mchezo wa Shakespeare juu ya kuuawa kwa Kaizari, na tafsiri ile ikachapwa mwaka 1963, kisha ikatoka tena mwaka 1969, imesahihishwa, kwa jina la "Juliasi Kaizari", kazi hiyo ilipimwa zaidi kwa mizani ya lugha ya kinywa. Je, Kiswahili chaweza kubeba fahari ya Kiingereza cha kale? Je, ushairi usio na vina waweza kukaa vema katika lugha ambayo malenga wake wamelelewa kwa vina na mizani? Maswali hayo ni ya haki, na kitabu chenyewe kimekwisha kuyajibu. Limebaki swali jingine ambalo kamusi haiwezi kulijibu. Maneno ya Portia yamefasiriwa. Magoti yake je?

Mahali penyewe ni katika sehemu ya pili ya mchezo, usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi, mwaka 44 kabla ya Kristo. Brutus amekutana bustanini mwake na watu waliokula njama ya kumwua Kaizari. Walikuja kofia zimeshushwa masikioni na nusu ya nyuso imefichwa ndani ya majoho. Wamepeana mikono, wamekwenda zao. Mara mkewe anatoka nje katika baridi ya alfajiri, naye anataka kuambiwa jambo linalomsumbua mumewe. Hakuambiwa neno, lakini ana ushahidi, na ushahidi wake karibu wote ni wa mwili. Anamkumbusha Brutus kwamba ametoka kitandani kwa kunyemelea. Kwamba jana yake, wakila chakula cha usiku, aliinuka ghafula akatembea huku na huku, mikono ameikunja kifuani, akiwaza na kushusha pumzi. Kwamba alipoulizwa alimtazama kwa jicho kali, akakuna kichwa, akapiga mguu chini, na mwisho akampungia mkono kwa hasira, kumwonyesha kuwa aondoke. Baada ya kusema sana asipate jibu la kweli, Portia anapiga magoti na kumsihi kwa uzuri wake uliokuwa ukisifiwa zamani na kwa viapo vya ndoa yao. Brutus anamwambia asipige magoti. Portia anamjibu kwamba asingekuwa na haja ya kuyapiga kama Brutus angekuwa ndiye yule Brutus mpole.

Katika mchezo uliojaa wanaume wanaojua kusema, hapana mwanamke mwingine anayetoa neno zito kama hilo, na neno lenyewe halisimami ila juu ya magoti. Ukiyaondoa magoti, au ukiyaacha yakapoteza maana, jibu la Portia huwa manung'uniko ya mke aliyenyimwa habari.

Kwa mtazamaji wa London mwaka 1599, mchezo ulipokuwa mpya, maana ilikuwa wazi. Mwingereza wa zama zile alipiga magoti kanisani mbele ya Mungu, alipiga magoti mbele ya mfalme au malkia, na mtoto alipiga magoti mbele ya wazazi wake kuomba radhi yao. Mke wa bwana mkubwa hakumpigia mumewe magoti kila kunapokucha. Akifanya hivyo, basi pana jambo limevunjika nyumbani: mke amejishusha mpaka mahali pa mwombaji, na mume akimwacha palepale chini, huwa amekiri kwamba si mume tena bali ni bwana wa watumwa. Ndiyo sababu Brutus anafanya haraka kumwinua.

Sasa mchezo huu uchezwe Bukoba, au Usukumani, au mbele ya watu wa Buganda wanaokijua Kiswahili. Huko, kwa desturi iliyozoeleka toka zamani na ambayo haijakufa hata leo, mwanamke hupiga goti anapomwamkia mzee, anapompa mgeni maji ya kunawa, anapomwandalia mumewe chakula. Goti lake ni salamu. Halisemi kwamba ana shida wala kwamba ana hasira, kama vile mtu anayesema "hujambo" hasemi kwamba ana wasiwasi na afya ya mwenzake. Huko kinachosema ni goti lisilopigwa. Mtazamaji wa namna hiyo akimwona Portia akishuka chini, ataona mke mwenye adabu akifanya lililompasa. Na akimsikia Brutus akimkataza, atashangaa mume gani huyu anayekataa kuamkiwa na mkewe. Sehemu nzima itakuwa imegeuka juu chini, na hapana neno hata moja lililofasiriwa vibaya.

Mtazamaji wa Lamu, Mombasa au Unguja ana taabu ya namna nyingine kabisa. Katika adabu za pwani goti si salamu. Kijana huinamisha kichwa, hubusu mkono wa mzee, au wa mwalimu wake wa chuoni, au wa sharifu. Lakini kushuka chini, magoti na kipaji vikagusa ardhi, ni jambo aliloachiwa Mungu. Kwake yeye Portia hafanyi kitu kidogo kama anavyodhani mtu wa Bukoba. Anafanya kitu kikubwa mno, kikubwa kuliko alivyokusudia Shakespeare, na Brutus anapomwambia ainuke, sauti yake itasikika kama ya mtu anayemrudisha mkewe kutoka kwenye ukingo wa kufuru. Maneno ni yaleyale, magoti ni yaleyale. Bukoba hayana uzito, Mombasa yamezidi uzito.

Si ajabu, basi, kwamba wako watu waliotamani pawe na lugha moja ya mwili kwa wanadamu wote. Quintilian, mwalimu wa ufasaha katika Rumi ya karne ya kwanza, aliona kwamba katika tofauti nyingi za lugha za mataifa, mikono ni kama usemi wa watu wote pamoja. John Bulwer, Mwingereza, alichapa kitabu huko London mwaka 1644, kiitwacho "Chirologia", akashikilia kwamba ishara za mikono ni lugha ya asili, iliyookoka na laana ya Babeli. Ni wazo zuri, lakini hao wawili wanajikanusha wenyewe. Quintilian anatumia kurasa nyingi kumfundisha msemaji namna ya kushika joho, kiasi cha kuinua mkono, na ishara za kuziepuka asije akafanana na mchezaji au na mwanamke. Kama mikono ingekuwa na lugha ya kuzaliwa nayo, mwalimu wa nini? Na kama ni ya watu wote, mbona wanawake wana yao, na mwanamume akiitumia huaibika?

Warumi wenyewe walijua sana kwamba mwili unaweza kukosea kusema. Plutarch, ambaye habari zake Shakespeare alizipata katika kitabu kilichofasiriwa kwa Kiingereza na Thomas North mwaka 1579, anasimulia kwamba wazee wa baraza walipomjia Kaizari kumpa heshima mpya, aliwapokea akiwa ameketi, hakusimama. Na jambo lile liliwaudhi watu kuliko mengi aliyoyatenda. Hakusema neno la dharau. Kiti ndicho kilichosema.

Yafaa kurudi kwenye ushahidi wa Portia, kwa sababu huko nako ishara si zile ambazo Kiswahili kingezichagua. Mikono iliyokunjwa kifuani ilikuwa, kwa Waingereza wa siku zile, sura ya mtu aliyezama katika huzuni. Kwa Waswahili mwenye huzuni hashiki kifua, hushika tama. Kiganja shavuni, kiwiko gotini, na mama akimwona mwanawe ameketi vile humkemea asijiitie msiba. Mtu aliyesimama na mikono kifuani hudhaniwa ana majivuno, au anangoja kitu. Kadhalika lile pungo la mkono la kumfukuza mke: Mswahili anapomwita mtu, aghalabu hugeuza kiganja kikatazama chini, akavipunga vidole kuelekea kwake, kwani kuita kwa kidole kimoja kilichogeuzwa juu ni matusi. Mchezaji asiyekuwa mwangalifu, akiiga pungo la Kizungu la kufukuza, huenda akaonekana kutoka viti vya nyuma kama mtu anayemwita mkewe aje. Kisha Portia anasema alifukuzwa. Watazamaji watacheka, nao watakuwa na haki.

Mambo haya ya mikono ni madogo, na mwongozaji mwenye macho atayarekebisha kwa siku moja ya mazoezi. Kubwa ni nani anayemsoma nani. Katika nyumba ya Brutus mume ana ruhusa ya kusema kwa mwili chochote apendacho: kuinuka mezani, kukodoa, kupiga mguu chini. Hatakiwi kueleza. Mke ndiye aliyepewa kazi ya kufasiri. Kila kunjo la uso wa mumewe analisoma, analiunganisha na la jana, anatoa maana. Anayetawala husomwa, anayetawaliwa husoma. Na yeye anapotaka kusomwa, mwili wake umeachiwa neno moja tu ambalo mume atalijibu, nalo ni kushuka chini.

Fasihi ya Kiswahili ina kazi inayolijua jambo hili kwa ndani kuliko Shakespeare, nayo ni utendi wa Mwana Kupona binti Mshamu, uliotungwa mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake. Mama anamfundisha mwanawe namna ya kupita njiani, macho yakiangalia chini na uso ukiwa na haya. Namna ya kumtunza mume anapolala, bila kumpigia kelele. Namna ya kumkanda na kumpepea. Wasomaji wa leo, hasa wasichana wa vyuo, huudhika wanapofika hapo, na maudhi yao yana sababu. Lakini hukosea wanaodhani kwamba mafundisho yale ni ya kumfanya mwanamke awe bubu. Ni mafundisho ya lugha. Mtu aliyefundishwa kwamba macho ya chini yana maana, amefundishwa pia kwamba macho yaliyoinuliwa yana maana. Na wazee wa pwani wanajua vema kwamba mke hahitaji kusema ili mume ajue kuwa chakula cha leo kimetengwa kwa kununa. Kuna kubetua mdomo, kuna kukata jicho, kuna kusonya, na kuna kuitikia "labeka" kwa sauti ya baridi. Portia hana akiba kama hiyo. Amezungukwa na adabu ya Kirumi iliyotiwa maji ya Kiingereza, ambamo mke mwungwana hutakiwa kuwa na heshima ya jiwe. Ndipo ikamlazimu kutumia goti, kisha, goti lilipomwinulia mume badala ya siri, akatumia kidonda.

Maana anacho kidonda. Anamwambia Brutus kwamba amejichoma kwa hiari yake pajani, kuthibitisha kwamba aweza kuvumilia na kutunza siri ingawa ni mwanamke. Habari hii imo katika Plutarch: Portia alijikata kwa kisu kidogo cha kukatia kucha, akapatwa na homa, na ndipo aliposema na mumewe. Hapa wachezaji wa Kiswahili hupata haya, na haya hiyo haistahili kudharauliwa. Paja si mkono. Kulitaja mbele ya watu, mbele ya wakwe na wazee waliokuja kutazama watoto wao wakicheza, ni jambo zito. Kulionyesha ni zito zaidi, na Shakespeare hakuamuru kwamba lionyeshwe. Kosa hutokea pale mwongozaji anapoogopa akalipitisha neno lile haraka haraka, kana kwamba ni la aibu. Mwanamke anayelitaja paja lake kwa sauti tulivu, bila kuligusa, macho yake yakiwa katika macho ya mumewe, atawafanya watazamaji wa pwani wanyamaze kuliko walivyonyamaza wa London, kwa kuwa wao wanajua ni pazia gani limepasuliwa.

Lakini magoti ya Portia hayako peke yake, na hapa ndipo wengi wanaoufundisha mchezo huu huacha nyama wakashika mfupa. Asubuhi ileile, katika nyumba nyingine, Calpurnia anamzuia Kaizari asitoke kwa sababu ya ndoto mbaya, na Kaizari mwenyewe anamwambia Decius kwamba mkewe amemsihi akiwa amepiga magoti. Hao ni wake wawili, waume wawili, magoti ya saa moja. Brutus anamwinua wake na kumwahidi siri. Kaizari anakubali kubaki nyumbani, kisha Decius anaifasiri ndoto ile kwa namna ya kupendeza na kumtia haya ya kuogopa kicheko cha wazee wa baraza, naye anaona aibu kuwa alisikiliza magoti ya mwanamke. Anatoka. Haukupita muda mrefu, mbele ya baraza, Metellus anapiga magoti kumwombea ndugu yake aliyefukuzwa nchini. Kaizari anamdharau, anamfananisha na mbwa anayejikunyata. Brutus anakuja, anambusu mkono. Cassius anaanguka mpaka miguuni. Kaizari anawauliza kama hawaoni kwamba hata Brutus amepiga magoti bure. Neno hilo ni la karibu na mwisho wake, visu vinafuata.

Basi katika muda wa saa chache Kaizari amepigiwa magoti na mwanamke mmoja kwa kweli na wanaume kadhaa kwa hila. Yale ya kweli yalikuwa ya kumwokoa, akayaonea haya. Yale ya hila yalikuwa ya kumsogelea, akayaonea fahari. Mchezo mzima umejengwa juu ya mtu asiyeweza kupambanua goti na goti. Na hata baada ya kifo, Antony anamtuma mtumishi wake mbele ya wauaji, naye anaanguka chini na kusema waziwazi kwamba bwana wake ndiye aliyemwagiza apige magoti namna ile. Goti sasa limekuwa barua. Baadaye vitani Antony atawakumbusha wauaji jinsi walivyokenua meno kama nyani na kuinama kama watumwa huku wakibusu miguu ya Kaizari; yeye ameisoma ishara ambayo Kaizari hakuisoma.

Mfuatano huu ukieleweka, taabu ya Bukoba na ya Mombasa inapata dawa, na dawa haimo katika maelezo ya chini ya ukurasa. Maelezo humsaidia mwanafunzi wa mtihani, mtazamaji hayaoni. Haimo pia katika kubadili ishara, kama wengine walivyopendekeza kwa michezo ya kigeni, kwamba Portia ashike tama au alie kwa kite badala ya kupiga magoti. Akishika tama, uzi unaomfunga na Calpurnia, na Metellus, na Brutus mwenyewe, umekatika. Magoti hayana budi kubaki. Kinachoweza kubadilika ni yanayotangulia magoti.

Mahali ambapo mke hupiga goti kila siku, Portia na aingie bila kulipiga. Atoke nje, asimame wima mbele ya mumewe, na asimwamkie. Watazamaji wa huko hawahitaji kuambiwa kitu: kabla hajafungua kinywa watajua kwamba nyumba ile haina amani. Aseme maneno yake yote ya mashtaka akiwa amesimama. Atakapopiga magoti, itakuwa amerudisha kwa mume ile heshima aliyomnyima, tena ameirudisha kwa sharti. Na Brutus akimwambia aache, atakuwa anakataa heshima kwa sababu anajua kwamba hana haki nayo. Hapo jibu la Portia litachoma kuliko lilivyochoma London. Pwani, kinyume chake, afadhali goti moja liguse chini, mgongo ubaki wima na macho yabaki juu, ili isionekane sijida. Na mkono wake ukielekea kwenye mkono wa Brutus bila kuubusu, kila mtu ataelewa anachokaribia kukifanya na kwa nini mume anamzuia.

Na pwani hiyohiyo mauaji yenyewe yana neema ambayo wachezaji hawajui kuitumia. Brutus anapombusu Kaizari mkono, mtazamaji wa Unguja haoni desturi ya kigeni. Anaona mwanafunzi akibusu mkono wa shehe wake huku kisu kimo ndani ya kanzu. Cassius anapoanguka miguuni, anafanya kwa mwili kile ambacho Kiswahili kimekibakiza katika neno tu, kwani "shikamoo" yasemekana ilitoka kwenye kushika miguu ya mkubwa. Mara elfu kwa mwaka mtoto wa Kiswahili hulisema neno hilo bila kuinama. Kumwona mtu mzima analitenda, kisha anaua, ni kulisikia upya.

Jambo jingine haliwezi kupitwa, nalo ni nani anayemcheza Portia. Mwaka 1599 alikuwa mvulana. Thomas Platter, msafiri wa Uswisi aliyeutazama mchezo wa Julius Caesar mjini London tarehe 21 Septemba mwaka huo, aliandika kwamba mwishoni wachezaji walicheza ngoma, wawili wakiwa wamevaa mavazi ya kiume na wawili ya kike. Wote walikuwa wanaume. Katika shule za wavulana za Afrika ya Mashariki mambo yamekuwa vivyo hivyo mara nyingi, kwa sababu hapakuwa na wasichana wa kushirikiana nao. Lakini yule mvulana wa London alifunzwa kazi yake kwa miaka. Huyu wa shule hupewa kanga mbili na wiki tatu. Matokeo yanajulikana. Anatembea kwa madaha, kiuno kinakwenda kushoto na kulia, anapepesa kope, anajifuta machozi kwa upindo wa kanga, na ukumbi mzima unaanguka kwa kicheko. Huo si mwili wa mwanamke. Ni mwili ambao wanaume humchorea mwanamke wakati hayupo. Shakespeare aliijua hila hiyo na akaigeuza mzaha katika mchezo mwingine, ule ambao Mwalimu Nyerere aliufasiri mwaka 1969 kwa jina la "Mabepari wa Venisi". Humo Portia mwingine, asiye huyu wa Rumi, anapojiandaa kuvaa mavazi ya kiume anaahidi kuunganisha hatua zake mbili fupi ziwe hatua moja ya mwanamume, na kujisifu uongo kama vijana wanavyojisifu. Anajua kwamba uanaume nao huvaliwa. Portia wa Rumi akichezwa na mvulana, huyo mvulana na asimwige mwanamke hata kidogo. Asimame kama mtu anayedai haki yake. Nguo inatosha kueleza mengine.

Hali yabadilika pia nje ya jukwaa. Siku hizi katika miji ya Afrika ya Mashariki huonekana kijana wa kiume akipiga goti moja mbele ya msichana na kumtolea pete ya uchumba, kama alivyoona katika filamu za Kizungu, ilhali posa ilikuwa ikipelekwa na washenga na barua, na mwenye kutaka kuoa hata hakuonekana siku hiyo. Wazee hutazama kando. Pengine vijana wa kesho, wakimwona Portia chini, wataona jambo la tatu ambalo si Bukoba wala Mombasa wala London hawakuliona, yaani mke akiyachukua magoti ya mchumba na kumrudishia mwenyewe.

Inabaki ishara moja ambayo katika Kiswahili haikupoteza kitu, bali imepata zaidi ya ilichokuwa nacho. Kaizari amelala chini. Wauaji wamechovya mikono katika damu yake mpaka viwiko. Antony anaingia, anamwangalia maiti, kisha anaomba kila mmoja ampe mkono wake wenye damu. Anawashika mmoja baada ya mmoja, akiwataja kwa majina. Kwa Mwingereza huo ulikuwa mkono wa mapatano, na uzuri wake ni kwamba mapatano yale ni ya uongo. Waswahili wanaujua mkono huo wa mapatano, lakini wanao na mwingine. Mtu akifiwa, watu humjia mmoja mmoja, maiti angali ndani au amekwisha kuzikwa, nao humpa mkono wa tanzia; aliyefiwa huketi au husimama, akipokea mkono baada ya mkono, na wenye kuja hutaja pole zao. Mbele ya mwili wa Kaizari aliyefiwa ni Antony. Wanaompa mkono ndio waliomfisha. Ukumbi wa Dar es Salaam au wa Tanga, ukichezewa vema hapo, hautahitaji kungoja hotuba ya sokoni ili ujue kwamba Antony atalipiza. Mfasiri hakuongeza neno. Mkono wa tanzia ulikuwapo tayari katika watazamaji.